Mwongo wa mwezi ni siku kumi

Kwenye kikao cha harusi hapa Ujiji mzee mmoja alipendekeza ndoa ifungwe mwongo wa tatu wa Mfunguo Mosi, yaani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu akacheka: "Babu, muongo ni miaka kumi, hawa watazeekea uchumbani!" Kikao kizima kikaangua kicheko, mzee akanyamaza, tarehe ikachukuliwa kwenye kalenda ya ukutani. Nimeshachoka kusikia wazee wakisahihishwa hivi, na wanaosahihisha karibu siku zote ndio waliosoma.

Mwongo ni kumi, basi. Kwenye hesabu ya mwezi mwandamo ni siku kumi: mwezi ukishaandama, tarehe mosi hadi kumi ni mwongo wa kwanza, kumi na moja hadi ishirini wa pili, zinazobaki ni wa tatu. Huu wa tatu ndio mkorofi, kwa sababu mwezi una siku 29 au 30, kwa hiyo kuna miezi ambayo mwongo wa mwisho unaishia siku ya tisa na jina linabaki lile lile. Anayejua kumi la mwisho la Ramadhani anaujua mwongo wa tatu, hata kama hajawahi kuuita hivyo. Idi ya kuchinja, tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, inafunga mwongo wa kwanza. Maulidi, tarehe 12 ya Mfunguo Sita, yanaangukia wa pili.

Miaka iko wapi hapo? Haipo, na neno lenyewe halijawahi kuidai. Sisi wa Kigoma ndio wa mwisho kupaswa kubishana juu ya hili, maana jibu tunalisikia sokoni kila siku. Mrundi akihesabu, kumi anaiita icumi, ishirini ni mirongo ibiri, thelathini mirongo itatu. Mirongo hiyo ndiyo miongo yetu. Kiswahili kina tabia ya kuimeza konsonanti ya katikati: wao wana inzara, sisi njaa, wao kuvyara, sisi kuzaa, wao mirongo, sisi miongo. Mkamba naye ishirini anaiita miongo ili, na hakuna anayedhani anahesabu miaka akiwa anahesabu mbuzi. Sisi tulichukua ishirini na thelathini za Kiarabu, ndiyo maana masikio yetu hayaioni tena kumi iliyomo ndani ya neno. Lakini tunaitumia kila saa bila kujua: miongoni mwa watu ni katika hesabu ya watu, miongo iliyoongezewa -ni.

Mabaharia wa pwani nao walihesabu kwa miongo, ila mwaka wao ulikuwa wa jua. Walianzia Nairuzi, ile siku ya mwaka ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, wanaogea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, wakazigawa siku 365 katika miongo 36, zikabaki siku tano. Miongo ile haijali mwezi umeandama au la. Ni ya kujua pepo, lini kusi, lini kaskazi. Ukisoma mahali "mwongo wa thelathini" usitafute mwezi wenye siku mia tatu.

Sasa kosa la pili, ambalo nalisikia zaidi kwa wavuvi wa Kibirizi kuliko mjini. Wapo wanaodhani mwongo ni jina jingine la giza au la mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku, zamani karabai, siku hizi za sola, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa na nyavu zinaanikwa. Kwa kuwa mwezi hupevuka tarehe 14 au 15, mapumziko hayo huangukia zaidi kwenye mwongo wa pili, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Giza na mbalamwezi ni habari ya mwanga: zinaanza mwezi unapotaka, zinapanda mwongo mmoja na kuingia mwingine. Giza zuri la dagaa huanza mwongo wa tatu wa mwezi huu na kuishia ndani ya mwongo wa kwanza wa mwezi ujao. Mwongo ni hesabu tu. Hata mawingu yakifunika ziwa lote, siku ya kumi na moja umeingia wa pili.

Kuna na kanuni inayozunguka kwenye simu: mwongo kwa anayedanganya, muongo kwa miaka. Tahajia zote mbili utazikuta kwa maana zote mbili, haitakusaidia. Kinachotenganisha ni ngeli. Mwongo huyu, waongo hawa. Mwongo huu, miongo hii. Nimeshaona kwenye bango "waongo miwili ya mafanikio", na sidhani mwenye bango alikusudia kukiri.

Muongo wa miaka nao ni sahihi, siupingi. Taarifa ya habari ikisema "miongo miwili iliyopita" sote tunaelewa miaka ishirini, na iendelee hivyo. Ila mzee akitaja mwongo na jina la mwezi pamoja, anazungumzia siku. Kijana wetu wa kumbukumbu angeandika tu "tarehe 21 hadi mwisho wa Mfunguo Mosi", halafu akamuuliza babu anapenda siku ipi kati ya hizo.