Kompyuta ya Shule ni ya Masomo Yote

Malalamiko tunayopokea kuhusu kompyuta za shule hapa Mwanza yanatoka pande mbili. Wazazi wanahoji kwa nini mtoto "achezee kompyuta" kipindi cha Jiografia. Walimu nao wanasema chumba kimefungwa na ufunguo anao mwalimu mmoja tu.

Tuanze na ufunguo. Kompyuta ni mali ya shule, na mwalimu wa Hisabati ana haki nayo sawa na mwalimu wa kompyuta. Chukua bei za dagaa. Wanafunzi wakizikusanya mwaloni Kirumba kila siku kwa mwezi mzima, kisha mwalimu akaziingiza kwenye Excel mbele ya darasa, grafu itawapa swali. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupata kidogo. Je, bei inafuata mbalamwezi? Hapo wastani una kazi ya kufanya, na mwalimu wa Fizikia anaweza kuendeleza mjadala huohuo kwenye mada ya mwanga. Kwenye Jiografia, Google Earth ina picha za setilaiti za miaka tofauti. Darasa lilinganishe ufukwe wa Ghuba ya Mwanza ulivyokuwa na ulivyo sasa. Kwenye Kiswahili, insha moja isiyo na jina la mwandishi ikionyeshwa ukutani, darasa zima huihariri pamoja.

Kuhamishia notisi za ubaoni kwenye slaidi hakutoshi. Hili tumelisema mara nyingi.

Wengine wanasema bila intaneti haiwezekani. Si kweli. Majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kompyuta yaitwayo PhET, yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanapakuliwa bure, yanabebwa kwenye flashi na kufunguliwa Ukerewe bila mtandao. Kompyuta mpakato moja na projekta vinatosha darasa zima.

Sasa utaratibu, ambao ndio unaowatia hofu wakuu wa shule. Kila kifaa kiandikwe kwenye rejista ya mali na kipewe namba inayosomeka. Kiwepo kitabu cha kuazima chenye jina la mwalimu, namba ya kifaa, somo, saa ya kutoka, saa ya kurudi na saini mbili: ya anayetoa na ya anayepokea. Kifaa kikirudi kina hitilafu, iandikwe palepale, si mwisho wa muhula. Kikiibwa, taarifa ipelekwe polisi na nakala ifike halmashauri. Mtumishi anayepoteza mali ya umma kwa uzembe anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu na kutakiwa kufidia. Aliyefuata utaratibu ana maandishi ya kumtetea. Kufungia kompyuta kabatini hakumlindi mtu, kunawanyima watoto.

Jambo jingine ni picha za wanafunzi na matokeo yao yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na adhabu za kuzitoa kinyume cha sheria ni pamoja na faini na kifungo. Pateni ridhaa ya mzazi, kwa maandishi, kabla ya kurusha chochote.

Mzazi mwenye wasiwasi aende kwanza kwa mkuu wa shule, aombe kuona andalio la somo la kipindi anacholalamikia. Asiporidhika, amwone Afisa Elimu Kata.