Askari wengi, silaha hamna

"Daktari, nyutrofili zangu ni 1,800. Mbona unanisumbua kwa kihoma kidogo hivi?" Swali hili naulizwa sana na wagonjwa wenye maielodisplasia, ugonjwa ambao uboho wa mifupa hutengeneza chembe za damu zenye kasoro. Wana haki ya kuuliza. Nyutrofili ni chembe nyeupe za damu, askari wanaomeza bakteria, na 1,800 katika mikrolita moja ya damu si chache. Hofu kubwa huanza zikishuka chini ya 500. Ila karatasi ya majibu imehesabu vichwa tu. Haisemi nani amebeba nini.

Ndiyo maana napenda kuangalia slaidi mwenyewe, yaani tone la damu lililopakwa kwenye kioo cha darubini. Nyutrofili nzima imejaa punje laini kama vumbi, na kiini chake kimegawanyika vipande vitatu hadi vitano. Ya mgonjwa wa maielodisplasia mara nyingi imepauka, punje za kuhesabu, na kiini kina vipande viwili tu, mithili ya miwani.

Ghala la silaha ni hizo punje. Nyutrofili ikishammeza bakteria, kimeng'enya kimoja hugeuza oksijeni kuwa kemikali kali, ambayo huishia kuwa haidrojeni peroksaidi. Hapo mieloperoksidesi, kimeng'enya kingine kutoka ndani ya punje, huichanganya na kloraidi kupata asidi ya haipoklorasi, kemikali ileile iliyomo kwenye maji ya klorini ya kuulia vijidudu. Kimeng'enya hiki kina rangi ya kijani. Ukiona usaha wa kijani, nacho kimo.

Sasa, wapo watu wanaozaliwa bila mieloperoksidesi na wengi wao hawaugui kuliko wengine, kwa sababu silaha nyingine za punje, kama elastesi na laisozaimu, huziba pengo. (Baadhi ya mashine za kuhesabu damu huzitambua nyutrofili kwa kimeng'enya hicho, basi mtu asiye na ugonjwa wowote huambiwa hana kinga. Slaidi humaliza ubishi.) Kwa hiyo simwogopeshi mtu kwa kimeng'enya kimoja. Kwenye maielodisplasia kasoro huja kwa kundi: punje pungufu, chembe zinazochelewa kufika penye maambukizi, zikifika haziui vizuri, na idadi yenyewe huenda ikashuka wiki ijayo.

Basi kwa wagonjwa wangu joto la 38.3 mara moja, au 38 linalodumu saa nzima, ni safari ya hospitali hata kama ni usiku wa manane. Nyutrofili zikiwa chache sana, tunataka antibiotiki iingie mshipani ndani ya saa moja, kabla hata majibu ya kuotesha vijidudu hayajatoka.

Wengine husubiri kwanza waone jipu likitunga. Usaha kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizofia vitani. Zikiwa chache, ngozi huwa nyekundu kidogo tu, inauma, na jipu halitungi.