Je, wajua setilaiti hutambuaje bomba la nani linavuja?

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haina rangi wala harufu. Harufu kali ya gesi ya majumbani huongezwa makusudi, ili mtumiaji ashtuke ikivuja. Gesi inayovuja kwenye kisima katikati ya jangwa haimshtui mtu. Hata hivyo, vifaa vilivyo mamia ya kilomita juu angani huinasa, na siku chache baadaye jina la kampuni linaweza kutajwa. Inawezekanaje?

Mambo huanza na mwanga wa jua. Mwanga hupiga ardhi na kurudi juu, na njiani kila gesi hunyonya sehemu yake maalumu. Methani hunyonya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hasa kwenye mawimbi yenye urefu wa maikromita (sehemu za milioni za mita) 1.6 na 2.3 hivi. Kifaa cha angani hupima mwanga uliorudi, hukagua umepungua wapi na kwa kiasi gani, kisha hukokotoa gesi iliyoko njiani. Kinachoonekana, kwa hakika, ni upungufu wa mwanga.

Hakuna setilaiti moja inayotosha. Sentinel-5P ya Ulaya, iliyorushwa Oktoba 2017, huipima dunia nzima karibu kila siku, lakini pikseli yake moja ya methani, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ina ukubwa wa takriban kilomita 5.5 kwa 7. Ndani ya eneo hilo mnaweza kuwa na visima vya mafuta, dampo la taka na mazizi ya ng'ombe, na vyote hivyo hutoa methani. Kwa hiyo kazi yake ni kupiga kengele tu. Baada ya hapo huja vifaa vyenye macho makali zaidi, kama setilaiti za GHGSat, kampuni ya Kanada, ambazo ya kwanza ilirushwa 2016 na ambazo pikseli zake hupimwa kwa makumi ya mita. Sentinel-2, nayo ya Ulaya, iliyokusudiwa kutazama mashamba, misitu na ardhi kwa ujumla, nayo imeonekana kuweza kunasa mivujo mikubwa. Kifaa kiitwacho EMIT kilipachikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Julai 2022 ili kuchunguza madini katika vumbi la majangwa. Miezi michache tu baadaye, NASA ilitangaza kuwa kimegundua zaidi ya sehemu 50 zinazomwaga methani kwa wingi. Karibu na mji wa Hazar nchini Turkmenistan kiliona mikia 12 ya gesi, mingine ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 32.

Mkia huo una kichwa, na kichwa ndicho kinachotafutwa, kwa kuwa gesi huwa imesongamana zaidi pale inapotokea kisha hutawanywa na upepo. Upepo huohuo ndio unaohitajika kujua kasi ya mvujo: kiasi kilekile cha gesi angani kinaweza kutokana na mvujo mdogo siku ya utulivu au mvujo mkubwa siku ya upepo mkali. Kasi ya upepo ikikosewa, hesabu ya tani kwa saa nayo imekosewa. Binafsi, siiamini sana takwimu ya mvujo isiyotaja inaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani.

Tuseme sasa tunazo latitudo na longitudo za kichwa cha mkia. Ni nukta tu. Ili nukta hiyo iwe na mwenyewe, sharti chini yake pawe na ramani inayosema: hapa pana kisima, hapa pana kituo cha kusukumia gesi, bomba hili ni la fulani. Sehemu hii haina mbwembwe za roketi, lakini naiona ndiyo ngumu kuliko zote. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, hutegemea sana watu wanaojitolea kuchora matangi, dohani na nyaya za umeme wakifuatisha picha za angani. Kila kitu hupewa lebo: ni nini, kinabeba nini, kinaendeshwa na nani. Tangi hujulikana kwa duara lake na kivuli chake. Bomba lililofukiwa ni gumu zaidi. Mara nyingi husalitiwa na ukanda mnyoofu uliofyekwa miti. Na kampuni mbili zikipitisha mabomba yao katika ukanda mmoja, picha pekee haiwezi kusema lililovuja ni la nani. Hapo ndipo hati za vibali na ukaguzi wa ardhini huhitajika.

Utamu halisi huja matabaka ya data yanapopandishwa moja juu ya jingine. Chukua minara ya kuchomea gesi ya ziada kwenye visima vya mafuta. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, mwaka 2023 ziliteketezwa hivyo mita za ujazo bilioni 148 hivi. Kifaa cha VIIRS, kilichopo kwenye setilaiti, huiona miali hiyo usiku na kukadiria joto lake, ambalo mara nyingi hukaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi, kiwango ambacho moto wa nyika haufikii. Kwa njia hiyo mnara hutenganishwa na shamba linaloungua. Sasa, ikiwa ramani inaonyesha mnara, joto la usiku limetoweka, na mkia wa methani unaanzia palepale, maana yake mwali umezimika na gesi inatoka mbichi. Hilo ni baya kuliko kuichoma, kwani katika miaka 20 methani huipasha dunia joto mara 80 hivi zaidi ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Hakuna tabaka hata moja kati ya hayo matatu ambalo lingesema hivyo peke yake.

Bado kuna mahali mbinu hii hukwama. Mawingu huziba kila kitu, na wakati wa usiku hakuna mwanga wa jua wa kupima. Bahari nayo hunyonya infraredi karibu yote, kwa hiyo majukwaa ya mafuta baharini yalikuwa yakikwepa macho kwa muda mrefu, hadi wataalamu walipoanza kuielekeza setilaiti pale hasa jua linapong'aa juu ya maji, ambapo mwanga unaorudi unatosha kupimwa.