Kuangusha Mti: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Wilayani Mufindi, mkoani Iringa nchini Tanzania, lilipo Shamba la Miti Sao Hill na ambako wananchi nao wamepanda misindano na mikaratusi yao, kijana anayetaka kuwa mkataji kwa kawaida humfuata fundi msituni na kuiga anachokiona. Njia hiyo ina thamani kubwa, ila hupitisha pia imani ambazo hakuna aliyezihoji.

Dhana: Aliyekata miti kwa miaka ishirini hana la kujifunza kitabuni.

Ukweli ni kwamba msitu haumwadhibu mkosaji kila mara. Msindano ulionyooka, siku isiyo na upepo, huweza kuanguka salama hata ukikatwa vibaya, na fundi aliyenusurika hivyo mara nyingi huiona njia yake kuwa sahihi, akawafundisha wengine. Kosa zito kuliko yote ni kulikata shina mpaka likatike kabisa. Vitabu vya kazi hii huelekeza kwamba kwanza lifunguliwe pengo upande unaotakiwa mti ulalie, lenye kina cha kati ya moja ya tano na robo ya kipenyo cha shina; kisha mti ukatwe kutoka nyuma, juu kidogo ya kona ya pengo, na msumeno usimamishwe mapema ili ubaki ukanda usiokatwa, wenye unene wa takribani moja ya kumi ya kipenyo hicho. Kwa shina la sentimita 40, pengo litaingia sentimita 8 hadi 10, na ukanda utakuwa wa sentimita 4. Ukanda huo ni bawaba: nyuzi zake hupinda taratibu na kuushikilia mti katika njia yake hadi pengo lijifunge. Bawaba ikikatwa, mti hauna tena kinachouongoza. Unaweza kujizungusha, kuteleza kutoka kwenye kisiki, au kumrudia mkataji. Naamini kabisa kwamba mwanafunzi asiyeweza kueleza kazi ya bawaba hiyo hapaswi kukabidhiwa msumeno wa mnyororo, hata awe hodari namna gani.

Dhana: Aliyekielewa kitabu anaweza kwenda kukata peke yake.

Mti uliochorwa kitabuni umenyooka na ni mzima. Wa msituni umeinama, una matawi mazito upande mmoja, au umeoza moyo, na uwiano uliotajwa hapo juu hauaminiki tena pale ambapo bawaba ingeachwa katika mbao zilizooza. Fundi huzunguka shina, hulipigapiga kwa kisigino cha shoka akisikiliza kama lina uwazi, hutazama kilele na mwelekeo wa upepo kabla ya kugusa msumeno. Hujua pia kwamba mti ulioinama sana mbele huweza kupasuka kwenda juu kabla mkato wa nyuma haujakamilika, na kipande cha nyuma kikaruka kwa nguvu ya kuua. Macho ya namna hiyo hupatikana kwa kusimama kando ya mtu anayejua.

Dhana: Mti ukianza kuanguka, hatari imekwisha.

Hapo ndipo mkataji anapotakiwa kuondoka, kwa njia aliyoifyeka mapema, inayokwenda nyuma kwa mshazari, kwa kuwa shina huweza kuruka na matawi makavu hudondoka kutoka miti jirani. Wengine wote wawe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti: kwa mti wa mita 20, mita 40.

Dhana: Mti ulioegemea mwingine hushushwa kwa kuukata ule unaoubeba.

Hapana. Kufanya hivyo ni kusimama chini ya miti miwili iliyo mbioni kuanguka. Eneo lizuiwe, na mti uvutwe kutoka mbali kwa kamba imara au mashine.

Baada ya kila mti kuanguka, mwanafunzi akiinamie kisiki pamoja na fundi wake, apime bawaba kwa rula mwisho mmoja hadi mwingine, na aulizwe kwa nini upande mmoja umebaki mwembamba.