Quad si NATO ya Asia

Manowari ya kigeni ikitia nanga Kilindini, barazani Mji wa Kale utasikia: Marekani, Japani, India na Australia wamefunga mkataba wa kupigana na China. Sivyo. Kundi hilo, Quad, lilianza 2007, likalala, likafufuliwa 2017. Halina mkataba wala makao makuu. Kifungu cha 5 cha NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, huhesabu shambulio dhidi ya mmoja kuwa dhidi ya wote. Quad haina kifungu kama hicho. Japani ina mkataba wake wa ulinzi na Marekani wa 1960, Australia ina ANZUS, mkataba wa ulinzi na Marekani wa 1951. India haina mkataba kama huo, na hapo ndipo watu hukosea zaidi: Juni 2020, wanajeshi wake 20 walipouawa wakipambana na askari wa China huko Galwan, mpakani mwa nchi hizo mbili, hakuna mwenzake wa Quad aliyelazimika kupeleka askari.