Plaiwudi ya madirisha kabla ya kimbunga: kazi yote iko ukutani

Kila mwaka ukifika mwezi wa tisa simu yangu haipumziki, Wabongo na Wakenya wa huku Florida wananipigia, fundi wamesema kimbunga kinafika Alhamisi, ninunue plaiwudi ngapi? Nawajibu ukweli tu, umechelewa, ukienda dukani sasa hivi utakuta foleni na rafu tupu. Msimu unaanza tarehe 1 Juni unaisha 30 Novemba, kwa hiyo hii kazi ifanye mwezi wa nne, jua safi, hamna anayekukimbiza.

Mi seremala, kazi nimejifunzia Tanga, na Fort Myers nimefika 2016. Mwaka uliofuata kikaja kimbunga Irma, na hapo ndo nilipata aibu yangu ya kwanza. Nilikata plaiwudi vizuri kabisa, zikakaa kama zimezaliwa na nyumba, afu nikazibana kwa skrubu fupi kwenye fremu ya dirisha na plasta. Usiku upepo ukaanza kuipumulia ile ya sebuleni, inaingia inatoka, inaingia inatoka, mpaka skrubu moja moja zikang'oka na plaiwudi ikaondoka zake, asubuhi tumeikuta nyumba ya tatu. Kioo kilipona kwa kudra za Mungu tu. Plaiwudi yenyewe haikuwa na kosa hata kidogo, kosa ni pale ilipokuwa imeshikilia.

Kwa nini tunahangaika na dirisha wakati watu wanaogopa paa? Chukua mfuko wa rambo upulizie ndani. Kioo kikivunjika upepo unaingia hauna pa kutokea, unasukuma paa toka chini, na huku juu upepo wa nje unalivuta, basi paa linabebwa toka pande zote mbili. Kimbunga Andrew kilipopiga mji wa Homestead, huku huku Florida, mwaka 1992 nyumba nyingi zilikwisha kwa namna hiyo, na sheria za ujenzi za Florida zilikazwa baada ya pale. Tepu ya gundi ya alama ya X kwenye kioo haizuii chochote, inakupa kazi ya kubandua tu.

Haya, plaiwudi. Sheria ya Florida kwa nyumba za ghorofa moja au mbili inakubali kuanzia unene wa 7/16 ya inchi, mi natumia 5/8 ya kuhimili nje, shiti la futi 4 kwa 8 ni kama kilo 25 kwa hiyo tafuta mtu wa kukushikia. Zile bodi za vipande vya mbao vilivyogandishwa na gundi ni rahisi bei, ila kitu kikirushwa zinatoboka haraka kuliko plaiwudi, siziamini. Na nisikudanganye, vioo maalumu vya kimbunga ni bora kuliko hivi vyote, bei yake tu ndo ukitajiwa unatafuta kiti. Walioko kaunti za Miami-Dade na Broward kwanza waulize ofisi ya ujenzi, kule masharti ni makali zaidi.

Sasa vipimo, hapa soma taratibu. Pima uwazi wa dirisha afu ongeza inchi 4 kila upande, plaiwudi ilale juu ya ukuta isikae ndani ya fremu. Tundu za bolti toboa inchi 1 na nusu toka ukingo wa plaiwudi. Hapo tundu linaangukia inchi 2 na nusu toka ukingo wa bloku, na ndo kipimo cha chini, ukisogea karibu zaidi bloku inapasuka mdomo. Nyumba nyingi za huku ni bloku na plasta, kwa hiyo chuma kiingie inchi 2 ndani ya bloku yenyewe, plasta usiihesabu kabisa. Natumia fisha za chuma, vile vibomba vya kuzamisha kwenye tundu vishike bolti, zenye meno ndani zinazolala usawa na ukuta, na bolti ya robo inchi ya stenlesi maana chumvi ya bahari haina huruma. Fisha iwe ya kuhimili mvuto wa pauni 1,500, kama kilo 680 hivi. Umbali wa bolti kwa bolti usizidi inchi 16, mi naweka 12 sababu Irma sijaisahau. Ukitoboa, puliza vumbi lote kwa mpira mwembamba, vumbi likibaki fisha inazunguka tu kama jino bovu. Kekee ikizama ghafla umeingia kwenye uwazi wa bloku, sogeza tundu, usilazimishe.

Msimu ukiisha ziba tundu kwa skrubu fupi iliyopakwa grisi, la sivyo nyigu watajenga humo, mwaka mmoja nimetoa udongo kwa sindano siku nzima.

Mlango mkubwa wa kioo unganisha shiti mbili na upige mbao za inchi 2 kwa 4 kwa nyuma. Paka rangi pande zote na kingo pia. Afu andika namba na mshale wa juu, mshale nasema, sio neno, mi niliandika JUU na jirani Mcuba aliyekuja kunisaidia akazifunga tatu kichwa chini.

Kimbunga Ian kilipoingia tarehe 28 Septemba 2022 na upepo wa kama kilomita 240 kwa saa tulikuwa tumeshahama, kuzifunga zote ilinichukua saa moja na nusu. Tuliporudi hamna hata moja iliyocheza, ile ya chumba cha watoto ilikuwa na kipande cha kigae cha paa la mtu kimezama karibu nusu. Nilizifungua siku ile ile kabla hata ya kufagia, maana nyumba iliyozibwa madirisha moto ukitokea hamna pa kutokea, na umeme ulikuwa bado haujarudi, watu wanapikia majiko ya gesi na kuwasha mishumaa. Kile kigae sijakichomoa, kipo gereji kwenye plaiwudi namba 4.