Kupima macho kwa wanaoshinda kwenye kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayeshinda mbele ya kompyuta hupewa ushauri wa macho na kila apitaye. Huyu atamwambia mwanga wa skrini unachoma macho, yule atamwonya asivae miwani mapema maana macho "yatazoea", na wa tatu atakuwa na lenzi za kumuuzia. Katika maneno hayo ukweli umo, ila kidogo. Naanza na lile linalowapotosha hata watu waangalifu.

"Nimesoma herufi zote mpaka mstari wa chini, macho yangu ni mazima"

Chati ile ya herufi zinazopungua ukubwa ilitungwa na daktari wa macho Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Husomwa kwa umbali wa mita 6, na anayeona vizuri huandikiwa 6/6, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa mita hizo hizo. Ni kipimo kizuri cha kumtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kompyuta haiko ng'ambo ya barabara. Iko sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni, nawe unaikodolea macho siku nzima, si kwa nusu dakika kama chati.

Ili kuona karibu, msuli mdogo ulio ndani ya jicho hukaza, lenzi ya jicho ikanenepa, na macho yote mawili yakageuka kidogo kuelekea puani. Mtu anaweza kupata 6/6 na bado kazi hiyo ikamshinda. Kijana mwenye kasoro ndogo ya kuona vitu vya karibu huifidia kwa kukaza msuli huo muda wote. Kwenye chati anafaulu, lakini ikifika alasiri kichwa kinamgonga na hajui kwa nini. Mwingine macho yake hayashirikiani vizuri yanapogeuka ndani, basi herufi zinacheza au zinakuwa mbilimbili. Chati ya ukutani haifichui hayo, hasa ikisomwa harakaharaka katika uchunguzi wa jumla wa afya.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kupimwa, kaa kwenye kiti chako unavyokaa siku zote, si unavyokaa bosi anapopita, na mwombe mwenzako apime umbali kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye skrini. Andika namba hiyo. Andika pia kama skrini iko juu au chini ya usawa wa macho, kama unazo mbili, na kama huku ukichapa unasoma karatasi iliyo mezani au unamtazama mteja aliye mbele yako. Mpimaji asiyeambiwa haya atakupima kwa mita 6, kisha kwa umbali wa kusoma kitabu, takriban sentimita 40. Kompyuta itabaki hapo katikati, haijapimiwa.

"Ninayo miwani ya kusomea, inatosha"

Hili huwakumba zaidi waliofika miaka 40 na kuendelea. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kadiri umri unavyokwenda, na katikati ya miaka ya 40 wengi hujikuta wakisogeza simu mbali ili waisome. Wananunua miwani ya kusomea, kitabu kinasomeka, wanadhani shughuli imekwisha.

Hesabu yake ni fupi. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, na ukigawa 1 kwa diopta hizo unapata umbali, kwa mita, ambao lenzi hiyo inauonyesha wazi. Lenzi ya +2.50 inakupa sentimita 40. Lenzi ya +1.50 inakupa kama sentimita 67. Sasa chukua mtu asiyehitaji miwani ya mbali, ambaye lenzi ya jicho imekwisha kumtupa mkono kwa sababu ya umri. Akivaa ile ya +2.50 mbele ya skrini iliyo sentimita 67, anaona ukungu. Atafanya nini? Atasogeza kichwa mbele mpaka herufi zitulie, na hapo ndipo atakapoishi kwa saa 8. Jioni anatafuta dawa ya shingo.

Wenye lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja nao wana taabu yao. Sehemu ya umbali wa kati huwa nyembamba, na ya kusomea imewekwa chini kabisa, hivyo mtu huinua kidevu ili aitazame kompyuta kupitia huko chini. Ukimwona mfanyakazi anaitazama skrini kama anayenusa moshi, shaka yangu ya kwanza huwa ni lenzi. Ipo miwani inayotengenezwa kwa ajili ya meza ya kazi, yenye sehemu pana ya umbali wa kati na karibu. Usiendeshe gari nayo, kwa kuwa mbali inakuacha na ukungu.

Ile miwani inayouzwa tayari, bila kupimwa, ina nguvu moja kwa macho yote mawili, wakati macho ya watu wengi hayalingani. Haitakuua wala kukupofusha. Lakini kuichagua kwa kujaribu hii na ile si kupimwa macho.

"Ukianza kuvaa miwani macho yanakuwa mavivu"

Hapana. Macho hubadilika kwa umri na kwa maumbile yake, uvae usivae. Kinachotokea ni kwamba ukishaonja kuona vizuri, ukiivua unatambua jinsi ulivyokuwa ukiona vibaya.

"Mwanga wa bluu ndio mchawi"

Mwanga wa bluu unaotoka kwenye skrini ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa jua unaoupata kwa kutoka nje tu, na hakuna ushahidi kwamba kazi ya kompyuta inaacha madhara ya kudumu kwenye macho ya mtu mzima. Mwaka 2023, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17 yalionyesha kuwa, kwa muda mfupi, lenzi za kuchuja mwanga huo huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa watu wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida. Hata hivyo ni nyongeza inayopendwa sana kwenye kaunta ya kuuzia miwani. Ukiulizwa kama uongezewe, nawe uliza ni ya nini.

Lakini uchovu wenyewe si wa kufikirika. Macho kuwaka, kuhisi mchanga, kuona ukungu jioni, yote hutokea, na sababu kubwa ni kwamba mtu anayetazama skrini husahau kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini idadi hiyo hushuka sana, na mara nyingi kope hufika nusu tu na kurudi, hivyo machozi hayasambazwi na uso wa jicho unakauka. Ongeza kiyoyozi kinachopuliza usoni. Skrini iliyo chini kidogo ya usawa wa macho husaidia, maana ukitazama chini kope hufunika sehemu kubwa ya jicho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na upepese ukiwa huko.

Kuhusu matone, kuwa mwangalifu. Machozi bandia hayana tatizo kwa wengi. Matone ya kung'arisha jicho yakizoeleka wekundu hurudi kwa kishindo. Na yale yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo watu hupeana kama pipi kwa sababu "yalinisaidia mimi", yanaweza kupandisha presha ya jicho. Hayo ni ya daktari peke yake.

"Sisikii maumivu, nipimwe nini?"

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, katika aina yake ya kawaida haiumi. Huanza kula pembeni mwa uoni huku katikati pakiwa safi, na mtu anaendelea kuchapa barua zake. Uoni uliopotea haurudi. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya jicho kabla mwenyewe hajaona tofauti. Kupimwa kwa ajili ya kompyuta basi ni nafasi ya kutazamwa presha ya jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) na mshipa wa fahamu wa jicho. Programu ya simu inayokupima kwa herufi haifiki huko ndani. Mwenye kisukari, au mwenye mzazi au ndugu aliyepata glakoma, asingoje kompyuta imsumbue.

"Kazini watalipia"

Inategemea uko wapi, na hata panapolipiwa mipaka ipo. Agizo la Ulaya la mwaka 1990 linampa mfanyakazi wa skrini haki ya kupimwa kabla ya kuanza kazi hiyo, kisha kila baada ya muda, na pia akipata matatizo ya macho. Desemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Romania, ilisema mwajiri anaweza kutoa miwani inayohitajika kwa kazi hiyo au kumrudishia mfanyakazi gharama, lakini nyongeza ya jumla ya mshahara haihesabiki. Nchini Uingereza kanuni za 1992 zinamtaka mwajiri alipie kipimo mfanyakazi anapokiomba. Miwani analipia tu ikiwa ni ile mahususi ya umbali wa skrini, si ile unayoivaa popote.

Kwingine soma mkataba na bima yako. Na ukikabidhiwa fomu ya kumpelekea mpimaji, angalia kama ina nafasi ya kujaza umbali wa skrini. Kama haina, andika ile namba yako pembeni.